Hamba Kahle: Siku Tatu Eshowe

Bibi yangu mzaa mama hakuwa na meno ya mbele. Nilipopata akili nilimkuta hivyo, na mpaka leo nikimkumbuka naanza kukumbuka mapengo yale kabla ya uso wenyewe. Kila nilipomuaga kurudi shule ya bweni, alinisindikiza hadi kwenye mwembe uliokuwa mpakani mwa shamba lake, akanishika mkono na kuniambia maneno mawili tu: "Hamba kahle."

"Hamba" nililifahamu, kwani katika Kingoni chetu cha Songea kuhamba ni kwenda. Lililonishinda ni "kahle". Kaka yangu alishikilia kwamba Kahle ni jina la mzimu wa ukoo, ambaye kazi yake ni kumtangulia msafiri njiani, na kwamba bibi alikuwa akimtuma aende mbele yetu. Mimi nikaamini, na usiku kituoni nikisubiri basi nilikuwa nikimtafuta Kahle gizani. Ama ile sauti iliyokuwa katikati ya neno, mfano wa pumzi inayovuja pembeni mwa ulimi, sikuihesabu kuwa sauti ya lugha yoyote. Niliihesabu kuwa kasoro ya mapengo.

Mwaka 1981, nikiwa mwalimu mpya wa Kiswahili, wino wa cheti cha chuo cha ualimu haujakauka, nilimpeleka mwalimu mwenzangu kwenda kumwamkia bibi. Tulipoondoka akatuaga kwa maneno yake yale. Mwenzangu akaniuliza maana yake. Nikaona haya kusema kwamba sijui, basi nikacheka, nikamgeukia mzee wa watu: "Bibi, siku hizi twasema safari njema." Hakukasirika. Alilirudia polepole, "safari njema", kama mwanafunzi anayesahihishwa mbele ya darasa. Tangu siku ile hadi alipofariki mwaka 1986 hakuniaga tena kwa maneno mengine. Nami nilifurahi, ndugu wasomaji. Niliona nimemfundisha bibi yangu Kiswahili fasaha.

Hayo nimeyatanguliza ili mjue nilikwenda Eshowe nikitafuta nini.

Mwanangu wa kike anafanya kazi Durban, na Julai iliyopita alinialika nikapumzike kwake. Nilimwomba jambo moja, anifikishe katika mji mmoja mkongwe wa Wazulu, mbali na fukwe na maduka makubwa. Akachagua Eshowe, kama kilomita 140 kaskazini mwa Durban, juu ya vilima, ambako mfalme Cetshwayo alizaliwa jirani yake na ambako alikata roho.

Lakini kwanza niseme neno juu ya nasaba, maana huko nyumbani watu hupenda kusema kwamba Wangoni ni Wazulu waliopotea njia. La hasha. Zwangendaba wa ukoo wa Jere, aliyewaongoza babu zetu wengi, alikuwa upande wa Wandwandwe, maadui wa Shaka. Wandwandwe waliposhindwa, yapata mwaka 1819, yeye na watu wake walishika njia ya kaskazini. Waliuvuka mto Zambezi mwaka 1835, siku jua lilipopatwa, na safari ikaendelea hadi Ufipa, ambako Zwangendaba alifariki katika miaka ya 1840. Hapo watu wake wakagawanyika, wengine wakateremkia kusini mpaka Songea. Kwa hiyo mimi nilikuwa nakwenda kuizuru nchi ya yule aliyewakimbiza wazee wetu. Lugha zao zilikuwa ndugu, mioyo yao haikuwa.

Na lugha yenyewe hatukufika nayo. Waliotoka kusini walikuwa wachache. Waliounganishwa njiani, wake na mateka na wafuasi, walikuwa wengi. Mtoto hunyonya lugha kwa mama yake, na mama zetu walikuwa wa makabila ya njiani na ya Songea kwenyewe. Vizazi viwili vitatu vikatosha. Kingoni tunachokisema leo ni lugha nyingine yenye jina la ile ya kwanza. Ya kusini yalibaki majina ya koo, cheo cha Nkosi, maneno ya vita na ya heshima, na vijineno vichache vilivyosalia vinywani mwa vikongwe kama chembe za unga kwenye ungo.

Barabara ya kutoka Durban hupita katikati ya mashamba ya miwa yasiyo na mwisho, bahari ikionekana upande wa kulia mara kwa mara. Mwanangu aliendesha, mimi nikasoma vibao. Durban wenyeji huiita eThekwini, yaani ghubani, na hapo nikaona kiambishi chetu cha mahali kikinipungia mkono: endlini kwao, nyumbani kwetu, wao wakiweka kitu mbele na nyuma ya nomino, sisi nyuma peke yake. Tulipita Groutville, alikokuwa akiishi Albert Luthuli, Mwafrika wa kwanza kupata Nishani ya Nobel ya Amani, ile ya mwaka 1960. Hapohapo ndipo alipozaliwa mwaka 1906 mshairi B. W. Vilakazi, ambaye diwani yake Inkondlo kaZulu ilitoka mwaka 1935. Vilakazi alijaribu kuutia vina ushairi wa Kizulu, na wahakiki wakabishana naye. Sisi tuliokulia kwenye vina vya kati na vya mwisho huona jambo hilo dogo, lakini ushairi wao wa asili, ule wa kuwasifu wafalme, husimama kwa sura za maneno na kwa urudiaji, na hauna haja ya kina. Nilimweleza mwanangu haya kwa urefu. Alinisikiliza kwa adabu mpaka tulipouvuka mto uThukela, akaniuliza kama nina njaa.

uThukela ndio uliokuwa mpaka baina ya ufalme wa Wazulu na koloni la Waingereza la Natal. Ng'ambo yake kidogo tukaiacha barabara kuu kwenye mji mdogo uitwao Gingindlovu. Jina hilo hufasiriwa kuwa "mmeza ndovu". Ndlovu, ndovu: wanafunzi wangu wote wa miaka ya mwisho walikuwa wakiandika "tembo", na nilipowawekea "ndovu" kwenye ufahamu walidhani nimekosea kuandika "ndoo". Sasa nikalikuta neno lile limepigwa rangi kwenye kibao cha barabara, kilomita maelfu kutoka Songea, lina herufi moja ya ziada na afya tele.

Kutoka hapo njia hupanda. Hewa ikabadilika, ikawa baridi na kavu kama ya kwetu mwezi huohuo, na ghafla miwa ikakoma, mji ukaanza. Eshowe si mji mkubwa. Una barabara ya maduka yenye wauza ndizi na maparachichi chini ya miti, shule, makanisa, teksi za abiria zikipiga honi. Kilichonishangaza ni kwamba mji umeuzunguka msitu. Kwingine kote nilikotembea msitu huanzia pale mji unapoishia. Eshowe, ukitoka benki, unatembea kidogo na kuingia chini ya miti iliyokuwapo kabla ya mfalme yeyote.

Msitu huo ni Dlinza, hekta zipatazo 250. Jina lake hufasiriwa kuwa mahali pa ukimya kama wa kaburini, pa kutafakari. Na jina la mji lenyewe lina tafsiri mbili. Wako wasemao kwamba limetokana na kichaka kimoja chenye utomvu kinachoota huko. Wengine, nao ndio wengi, husema Eshowe ni sauti ya upepo unaopita kwenye majani ya miti. Mtaalamu wa mimea achague la kwanza. Mimi nilikuwa mwalimu wa tanakali za sauti, nikachagua la pili bila kusita. Kizulu kina utajiri wa tanakali ambao ulimshughulisha sana mwanaisimu C. M. Doke, na jina la mji kuwa mlio wa upepo si ajabu kwa lugha kama hiyo. Jaribuni wenyewe kulitamka polepole, mkiivuta ile "sho".

Ndani ya Dlinza wamejenga njia ya mbao inayopita hewani, mita 125 kwa urefu. Mtu huanza kutembea usawa wa ardhi. Ardhi inateremka, njia haiteremki, na bila kupanda ngazi hata moja unajikuta mita 10 juu, kati ya matawi. Mwishoni upo mnara wa mita 20 wenye ngazi. Binti aliyetuongoza, wa miaka ishirini hivi, alinitazama magoti akaniuliza kwa Kiingereza kama nitaweza. Nikamwambia nimepanda ngazi za shule miaka 35. Niliweza, ila nilipumzika mara tatu nikisingizia ndege.

Nao ndege walikuwapo. Hondohondo walikuwa wakilia kwa sauti ya mtoto mchanga aliyeachwa peke yake, sauti ambayo ukiisikia bila kumwona ndege utataka kukimbia ukamchukue mtoto. Chini kabisa, kwenye majani makavu, akapita paa mdogo wa rangi ya kijivu, hazidi kimo cha sungura mkubwa, akapiga hatua, akasimama, akapotea. Kutoka juu ya mnara vilele vya miti vilitanda kama godoro, kisha vilima vya miwa, kisha mstari mwembamba wa buluu ambao binti yule alisema ni Bahari ya Hindi. Nikaitazama kwa muda. Ni bahari ileile ya Kilwa na Mtwara.

Tukiwa huko juu nilimuuliza majina ya vitu. Mti? Umuthi. Na dawa? Umuthi vilevile. Nikacheka, nikamweleza kwamba kwetu waganga huuza "miti shamba". Maji? Amanzi. Nyoka? Inyoka. Mvua? Imvula. Mdomo? Umlomo. Watu? Abantu, akajibu, kana kwamba ameona swali hilo ni la mtoto. Sikumweleza kwamba Wilhelm Bleek, aliyekuja Natal mwaka 1855 kushughulikia sarufi ya lugha yake, ndiye aliyelichukua neno hilo na kulifanya jina la familia nzima ya lugha zetu. Mwalimu mstaafu hana budi kujifunza kunyamaza. Badala yake nilijaribu vidoko, zile sauti za c na q na x. Katika Tanzania vidoko twavisikia kwa Wasandawe na Wahadza. Wangoni walivipoteza njiani pamoja na mengineyo. Nilipojaribu kutamka jina la Cetshwayo, binti alicheka mpaka akashika ukingo wa njia.

Kisha tukateremka, tukafika langoni. Mwanangu akashukuru. Mimi nilikuwa nimeinama nafunga kamba ya kiatu. Binti akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa ya mtu anayewaaga wageni wa kumi siku hiyo:

"Hambani kahle."

Sikuinuka mara moja. Nilimsikia bibi. Nilisikia ile pumzi pembeni mwa ulimi, ileile, na nilipoinua uso nikaona kinywa cha msichana chenye meno yote thelathini na mawili, meupe, hakuna hata pengo moja.

Basi haikuwa mapengo. Ilikuwa sauti ya lugha, kikwamizi kitambaza, ambayo wao huiandika hl, na ambayo Kiswahili hakina. Miaka mingi niliwafundisha vijana jedwali la konsonanti, nikiwaeleza kwamba sauti isiyokuwamo katika lugha yako sikio hulifanya kosa. Nilikuwa nikitoa mifano ya Wajerumani na Waarabu. Na "kahle" maana yake ni vizuri, vyema. Nenda vyema. Bibi alikuwa akisema "safari njema" tangu zamani, kabla sijamfundisha.

Mwanangu aliniuliza kama nimeumia mguu.

Siku ya pili tulikwenda kwenye jumba la makumbusho la Vukani. Neno lenyewe ni amri: vuka, amka, vukani, amkeni. Tazameni -ni hiyo ya wingi inavyofanya kazi ileile kwao na kwetu, na ndiyo hiyohiyo iliyokuwa katika "hambani". Vukani ina vikapu na vyungu, nami nilikuwa nimekusudia kukaa nusu saa. Nilikaa asubuhi nzima. Kuna vikapu vya pombe viitwavyo isichumo, vilivyosukwa kwa kukazwa hivi kwamba hushika kinywaji bila kuvuja. Vifuniko vya vyungu, izimbenge, vina mapambo ya pembetatu na miraba yaliyotokana na rangi za mizizi na magome. Vyungu vya pombe, izinkamba, ni vyeusi ving'aavyo, vimefukizwa moshi na kusuguliwa mafuta, na vingine vina vijinundu mfululizo kama chale. Walionyesha kazi za Nesta Nala, mfinyanzi aliyejulikana hata ng'ambo, na nilisimama mbele ya chungu chake mpaka mlinzi akaja kuona nafanya nini.

Lakini kilichonipa furaha ya peke yake ni kibao kidogo kilichotaja ukindu wa vikapu vile: ilala. Ni mti wa jamii ya mkoma, ambao kwetu katika sehemu nyingine huitwa mlala, na majani yake husukwa vivyo hivyo. Jina moja, mmea mmoja, vidole vilevile. Bibi alikuwa akisuka ungo na vikapu. Sijui alikiitaje alichosukia. Nilikula ugali uliochungwa kwenye ungo wake miaka yote ile, sikuuliza.

Kutoka Vukani mtu hutembea hatua chache tu hadi kwenye ngome ya Nongqayi, iliyojengwa mwaka 1883. Ina kuta nyeupe na minara ya pembeni, mfano wa boma la Kijerumani lililopungua ukubwa. Nongqayi walikuwa askari polisi Waafrika chini ya maofisa Waingereza, na sasa ngome yao ni makumbusho ya historia. Humo mna chumba chenye habari za John Dunn, mzungu aliyegeuka kuwa mtawala wa Kizulu, mwenye wake zaidi ya 40 na watoto zaidi ya 100. Watalii wote walikuwa wamejazana hapo. Nikawapisha.

Mimi nilitaka habari za mwaka 1879. Tarehe 22 Januari mwaka huo jeshi la Cetshwayo liliwashinda Waingereza kule Isandlwana. Siku hiyohiyo kikosi kingine cha Waingereza, chini ya Kanali Pearson, kilipigana na Wazulu kwenye mto Nyezane na kesho yake kikafika Eshowe. Kikaigeuza misheni ya Wanorwe kuwa ngome, na humo kikazingirwa zaidi ya miezi miwili. Wenyeji walipaita mahali hapo KwaMondi, kwa Mondi, na Mondi huyo ni mmisionari Ommund Oftebro, ambaye jina lake lilipoingia kwenye kinywa cha Kizulu lilitoka limevaa nguo za huko. Jeshi la kuwaokoa liliwashinda Wazulu pale Gingindlovu tarehe 2 Aprili. Mwezi Julai mji mkuu wa Ulundi ukachomwa, na Cetshwayo akakamatwa na kupelekwa Cape Town.

Mwisho wake ndio ulionigusa. Mwaka 1882 walimruhusu kwenda London, akaonana na Malkia Victoria, akarudishwa mwaka uliofuata kwenye nchi iliyokwisha kugawanywa vipande. Wapinzani wake wakamvamia mwaka uleule wa 1883. Akakimbilia msitu wa Nkandla, kisha akaletwa Eshowe chini ya ulinzi wa mwakilishi wa Waingereza. Alifariki hapa tarehe 8 Februari 1884. Mwili wake ulichukuliwa kwa gari la kukokotwa na ng'ombe ukazikwe karibu na Nkandla. Kwa hiyo huyu mtu alizaliwa jirani na mji huu, akauzunguka ulimwengu akiwa mfungwa na mgeni rasmi, akaja kufa palepale.

Kwenye ukuta mwingine palikuwa na habari za uasi wa Bhambatha, uliotokana na kodi ya kichwa, na uliokomeshwa mwezi Juni 1906 katika bonde la Mome, kwenye misitu ileile ya Nkandla. Nikaisoma tarehe mara mbili. Songea kwetu, tarehe 27 Februari mwaka huohuo wa 1906, Wajerumani waliwanyonga wazee wetu wa Vita vya Majimaji, akiwamo Nkosi Mputa Gama. Miaka themanini na zaidi ilikuwa imepita tangu watu hawa waachane. Walikuwa wamesahauliana, hawakujuana tena hata kwa lugha. Na mwaka mmoja, kila mmoja kwa mtawala wake, wakapigwa. Nilikaa kwenye benchi la uani na kunywa maji.

Kuna kijiji kimoja cha utalii nje ya mji, kilichojengwa miaka ya 1980 kwa ajili ya tamthilia ya televisheni juu ya Shaka. Sikwenda. Nilimwambia mwanangu anipeleke KwaBulawayo badala yake, yalikokuwa makazi halisi ya Shaka, kwenye barabara iendayo Empangeni. Hakuna jumba wala uzio wa mfalme. Ni mlima, nyasi, upepo, miwa kwa mbali, na kibao. Jirani yake panaonyeshwa mahali paitwapo Kichaka cha Waoga, ambako, kwa masimulizi, askari waliotuhumiwa kukimbia vitani walihukumiwa na kuuawa.

Nilisimama hapo nikiwa mjukuu wa waliokimbia. Laiti wangelikaa, pengine wangeliishia kwenye kichaka kile, au wangelimezwa na ufalme wake wakawa Wazulu kama wengine. Walikimbia, wakafika Songea, na mmoja wa wajukuu zao akawa na mapengo na mwembe. Nilimwambia mwanangu nashukuru kwamba babu zetu walikuwa na mbio. Alicheka. Kisha aliniuliza swali ambalo hajapata kuniuliza tangu azaliwe: "Baba, bibi yako alikuwa akizungumzaje?" Nikajikuta sina la kumwambia zaidi ya maneno mawili.

Usiku ule, katika nyumba ya wageni, niliandika beti nyingi na kuzifuta. Umebaki ubeti mmoja, nao nawaletea jinsi ulivyo:

*Bibi alinipa neno, nisijue maanaye,*
*Nikalibana kwa meno, nisimuulize yeye,*
*Nimevuka mito mno, nimwone alijuaye,*
*Kahle si jina la mtu, ni dua ya apendaye.*

Asubuhi tuliondoka. Mwenye nyumba ni mama mtu mzima kunizidi, ambaye kila mtu humwita gogo, yaani bibi. (Kwetu gogo ni mti ulioanguka, au ni mwenyeji wa Dodoma, nilimweleza, akaona ni matusi, ikabidi mwanangu aingilie kati.) Alitusindikiza hadi kwenye gari, akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Hamba kahle, mkhulu."

Nikamwambia ahsante. Nikamwambia pia siyabonga, ambalo nilikuwa nimejifunza. Hakuniachia mkono. Alinitazama, akasubiri. Nikamtazama mwanangu.

"Baba, anangoja umjibu," mwanangu akasema. "Anayebaki husema hamba kahle. Anayeondoka naye husema sala kahle. Ubaki vyema."

Nilikuwa sijui kwamba kuna jibu. Nilihesabu haraka mihula niliyoagwa chini ya mwembe ule, mitatu kwa mwaka, na miaka.

"Sala kahle, gogo," nikasema. Ile hl ilinitoka vibaya, imejaa s. Bibi yule akatikisa kichwa akaridhika, akaniachia.

Tulipofika kwenye lami nikalisema tena kwa sauti ndogo, nikijaribu kuipitisha pumzi pembeni mwa ulimi. Mwanangu akapunguza mwendo.

"Umesemaje, baba?"

Nikamwambia aendeshe tu, nafanya mazoezi ya matamshi.